Darasa la saba wanafelia darasa la kwanza

Matokeo ya darasa la saba yakitoka, maneno ya mjini Mwanza huwa yaleyale: walimu hawafundishi, wazazi hawafuatilii, watoto wa siku hizi ni simu tu. Yote yana ukweli kidogo. Ila ukikaa na madaftari ya shule ya serikali, iwe Igoma, Buhongwa au kule Ukerewe, utakuta mtoto aliyefeli darasa la saba aliachwa zamani, akiwa bado anahangaika na silabi. Tunakuja kumpigia kelele miaka sita baadaye.

Tupige hesabu. Sera inataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto waliandikishwa kwa wingi kuliko kasi ya kujenga madarasa na kuajiri. Kata za pembezoni mwa jiji, ambako watu wanahamia kila siku, mkondo mmoja wenye watoto 120 haushangazi mtu. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Toa dakika tano za kuwatuliza na kugawa vitabu, zinabaki 25. Kila mtoto ana sekunde 12 na nusu. Muda huo hautoshi hata kumsikiliza akisoma sentensi moja.

Sasa mwalimu afanyeje? Anawasomesha kwa pamoja. Ba, be, bi, bo, bu, darasa zima linaitikia mpaka barabarani wanasikia, na mgeni akipita anasema hii shule inafundisha. Lakini wanaosoma kweli ni wale wa mbele. Wengine wanafuata sauti. Kuwabaini ni rahisi: vuruga mpangilio. Andika ubaoni bu, ka, mi, ta, be, kisha ita mmoja mmoja. Aliyekariri wimbo atakwama kwenye ya pili.

Pagumu zaidi ni silabi changamano: mb, nd, ny, ng', mbw, nyw, mchw. Mtoto akishasoma "baba" na "meza" anahesabiwa kuwa anajua kusoma, kumbe "ng'ombe" na "kunywa" zinamshinda. Na wapo watoto Kwimba na visiwani ambao nyumbani ni Kisukuma, Kikerewe au Kijita. Hao wanajifunza herufi na lugha kwa mpigo mmoja, lakini muda waliopewa ni uleule. Wakifika darasa la tatu, vitabu vinageuka kuwa aya ndefu. Anayetafuta silabi mojamoja anafika kwenye nukta akiwa ameshasahau sentensi ilianzaje. Tunaandika "dhaifu katika Sayansi", wakati Sayansi yenyewe hajaifikia.

Halafu kuna kusahihisha. Madaftari 120 kwa dakika moja moja ni saa mbili, kwa zoezi moja. Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa siku moja ni saa sita, baada ya vipindi. Hakuna binadamu anayeweza hiyo kazi kila siku, ndiyo maana unakuta vema moja kubwa imepita ukurasa mzima, hata juu ya 7 + 5 = 13. Mzazi, daftari lisilo na kosa lililozungushiwa, wala masahihisho yaliyorudiwa chini yake, lisikufurahishe. Huenda halijasomwa.

Karatasi nazo ni tatizo ambalo watu hawaligusi. Ruzuku ya shule ya msingi ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na inayofika shuleni ni Sh 6,000; nyingine ni ya vitabu. Darasa la tano lenye watoto 180, masomo sita, karatasi moja kwa kila somo, ni karatasi 1,080, zaidi ya rimu mbili kwa jaribio moja tu. Kwa hiyo maswali yanaandikwa ubaoni. Mwenye mkono mzito anamaliza kunakili swali la tano wenzake wako la kumi na tano, na aliyekaa nyuma haoni. Alama zinazopatikana hapo zinapima macho na kasi ya kunakili.

Mtihani wa taifa wenyewe una mwanya wake. Masomo sita ya alama 50 yanafanya 300, na daraja C linaanzia 121. Kwenye swali la kuchagua lenye herufi tano, anayebahatisha anapata wastani wa moja katika kila matano. Ndiyo maana mtoto asiyeweza kuandika aya moja anaweza kuvuka, aende kidato cha kwanza akakutane na Kiingereza. Huko kwenyewe ni mada nyingine.

Mwambao wa Ziwa Victoria una kalenda yake, na huyu ndiye adui ninayemwona anadharauliwa kuliko wote. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa; mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi inapumzika. Ina maana Kayenze, Igombe na kambi za visiwani mahudhurio yanafuata mwezi. Siku za giza dagaa wanashuka alfajiri na lazima waanikwe mapema na kugeuzwa, na wageuzaji ni akina mama na watoto. Bara, kule Misungwi na Magu, ni mpunga: ukianza kutoa masuke, watoto wanaamia ndege. Mtoto anakosa silabi za wiki nzima, anarudi darasa liko mbele, na hakuna kipindi cha kumrudisha. Mwalimu wa taaluma aliyeweka daftari la mahudhurio kando ya kalenda ya mwezi ataliona hilo mara moja, na atapanga marudio ya silabi siku za mbalamwezi, wakati watoto wapo.

Chakula nacho. Gramu 100 za mahindi kwa siku, kwa siku 194 za masomo, ni kilo 19 na ushee: debe na kidogo kwa mtoto, kwa mwaka mzima. Wazazi wakikubaliana wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, inawezekana. Wakingoja Januari, debe limepanda na kila mtu ana mahitaji ya shule ya watoto wakubwa.

Kosa ambalo shule inaweza kuliacha bila kusubiri fedha ni upangaji wa walimu. Mwalimu hodari anapelekwa darasa la saba kwa sababu ndilo linaloleta sifa kwenye kikao cha wilaya. Darasa la kwanza anapewa mgeni, au yule anayesubiri kustaafu. Geuza. Pili, weka dakika 30, mara tatu kwa wiki, darasa la tatu mpaka la sita kwa pamoja, watoto wakae kwa kiwango chao cha kusoma: wa herufi huku, wa silabi kule, wa sentensi chini ya mwembe. Kadi za silabi hukatwa kwenye maboksi ya dukani. Itakayovuruga mpango huu ni aibu: mkubwa wa darasa la sita hataki kukaa na wadogo, kwa hiyo msitaje madarasa, taja makundi kwa rangi.

Kwenye kikao cha wazazi, acha kuuliza shule imekuwa ya ngapi. Uliza watoto wangapi wa darasa la pili wanasoma sentensi ya maneno kumi bila kusaidiwa, na nani aliwasikiliza mmoja mmoja. Watoto 120 kwa dakika mbili mbili ni saa nne. Walimu wanne wakigawana wanamaliza kwa saa moja, kila mwisho wa mwezi.