Siku moja maishani mwangu: mwindaji mzee, peke yangu, msitu wa Sproul

Nina miaka 69. Nimezaliwa Handeni, ninaishi State College katika jimbo la Pennsylvania, na tangu nistaafu nawinda kulungu peke yangu kila Desemba. Vijana wetu walioko huku, Watanzania na Wakongo, huniuliza siku ya namna hiyo inakwendaje, na mzee haogopi kufia porini? Hii ni Jumanne iliyopita, saa kwa saa.

Saa 10 kamili alfajiri

Naamka kabla ya simu kuita. Uji wa ulezi, vidonge vya presha, chai ya tangawizi kwenye chupa ya moto. Nguo nzito naziweka kwenye gari, sizivai. Ukizivaa ndani ya gari lenye joto unatoka jasho, na jasho hilo ndilo litakalokutesa saa mbili baadaye ukiwa umekaa kimya kwenye baridi ya nyuzi 8 chini ya sifuri.

Mke wangu naye ameamka. Siku hii yeye halali vizuri, najua, ingawa haniambii nisiende.

"Baba Salma, vidonge vya mfukoni umechukua?"

"Nimechukua."

"Na karatasi?"

Karatasi iko mlangoni mwa friji. Nimeandika gari litaegeshwa wapi, nitaelekea upande gani, nitaishia wapi. Makubaliano yetu ni haya: ujumbe saa 3, saa 6 na saa 9, kupitia kifaa kidogo cha setilaiti, kwa sababu simu haishiki kule. Ikifika saa 12 jioni bila neno lolote, apige 911, namba ya dharura, na awasomee karatasi. Hakuna kusubiri kidogo tuone. Hilo tulilizungumza siku nyingi na halina mjadala tena.

Saa 11:40

Nimefika. Ukitoka mji mdogo wa Snow Shoe unafuata barabara ya 144 kuelekea Renovo, na muda si muda taa za nyumba zinakwisha kabisa. Sproul ndio msitu mkubwa kuliko misitu yote ya jimbo hili, zaidi ya ekari 300,000. Juu ni tambarare, kisha ghafla ardhi inakatika na kuwa mabonde ya kina yanayoshuka kwenda mto Susquehanna. Miti yote hii ni mipya. Mwanzoni mwa karne iliyopita makampuni ya mbao yalikuwa yameshafyeka milima ikabaki vipara, na kulungu nao walikuwa karibu kwisha Pennsylvania, hata serikali ya jimbo ikaanza kuwaleta kutoka nje mwaka 1906. Kila ninapomwona kulungu hapa nakumbuka kwamba kuna watu waliamua wasiishe, wakatunga sheria na wakazisimamia.

Naswali alfajiri kando ya gari, juu ya turubai, nimeelekea kaskazini mashariki. Kisha navaa nguo nzito na koti la rangi ya chungwa inayowaka. Sheria inataka rangi hiyo ionekane pande zote, kichwani, kifuani na mgongoni. Kulungu haioni rangi hiyo kama sisi tunavyoiona, binadamu mwenye bunduki anaiona mbali sana. Kwa mtu wa peke yake ina faida nyingine: ukianguka, watakaokutafuta watakuona.

Saa 12:10 asubuhi

Natembea kwenye tuta la reli ya zamani iliyokuwa ikibeba magogo. Reli yenyewe iling'olewa zamani, limebaki tuta lililonyooka kando ya mlima, upana wa gari moja. Theluji ni ya vidole viwili, ya jana jioni, kwa hiyo nyayo zote nitakazoziona ni za usiku huu. Mwendo ambao kijana angeumaliza kwa dakika kumi mimi nautumia nusu saa, nikisimama kila pumzi inapoanza kupanda.

Zamani nilikuwa napanda kwenye kiti cha juu ya mti. Nimeacha. Wawindaji wengi wanaoumia huku huumia kwa kuanguka kutoka kwenye viti hivyo, na anayeanguka akiwa peke yake, kwenye baridi, hana muda mrefu. Sasa nakaa chini, kwenye kigoda cha kukunja, mgongo wangu kwenye mwaloni mnene. Mti wenyewe nimeuchagua kwa sababu uko hatua chache juu ya tuta. Chochote nitakachokiangusha kuanzia tuta kwenda juu kitashuka kwa uzito wake hadi kwenye njia tambarare. Kitakachoanguka chini ya tuta, kule bondeni, itabidi kipandishwe.

Kanuni yangu ndiyo hiyo, na uzee wangu wote wa kuwinda umekaa juu yake: sipigi chini ya tuta.

Saa 12:50 hadi saa 3

Uwindaji unaruhusiwa nusu saa kabla ya jua kuchomoza, na leo linachomoza saa 1:20. Naingiza risasi. Ni za shaba, si za zamani za madini ya risasi, maana zile zikipiga mfupa hupasuka vipande vidogo visivyoonekana vikabaki kwenye nyama, na nyama hii wajukuu wangu wanaila.

Asubuhi hewa baridi huteremka mlimani kama maji, inafuata mabonde. Harufu yangu yote inakwenda chini. Jua likishapasha mteremko hewa hugeuka ikaanza kupanda. Anayewinda kulungu kwa macho tu hataelewa kwa nini msitu umekuwa mtupu, kwa sababu kulungu alishamnusa zamani akaondoka bila hata kukimbia. Nina kichupa cha unga mwembamba, nauminya kidogo, natazama unakwenda wapi. Unashuka. Vizuri.

Kuna anayedhani kukaa huku ni uchovu. Kwangu hizi ndizo saa bora za mwaka. Nungunungu anashuka kwenye mti wa hemloki kinyumenyume, anakwaruza maganda, hana haraka na mtu. Bata mzinga wa pori wanapita wakichakura theluji kutafuta mbegu za mwaloni. Kijijini kwetu baba alikuwa na gobore, na hakutoka hata siku moja bila wenzake na mbwa. Kuwinda kulikuwa kelele, vicheko na ubishi wa nani alimwona mnyama kwanza. Huku aliyenifundisha ni jirani yangu, Mmarekani, fundi bomba mstaafu. Tulikuwa tunakaa yeye mti ule, mimi mti huu, saa nzima bila neno. Alifariki, Mungu amrehemu, na wanangu wako majimbo ya mbali. Ningeweza kujiunga na kambi ya watu wengine. Nimeona heri niendelee hapa aliponionyesha yeye, kwa taratibu zinazolingana na mwili wangu.

Saa 3:15

Nimeshatuma ujumbe wa saa 3. Chini bondeni kitu kinasogea.

Ni dume. Anapita ukingoni mwa vichaka vya loreli, pua chini, kama mita tisini kutoka nilipo. Naweka darubini ya bunduki. Pembe upande wa kulia zina ncha nne, naziona moja moja dhidi ya theluji. Eneo hili dume halali ni yule mwenye ncha tatu au zaidi upande mmoja, kwa hiyo huyu ni halali bila shaka. Shingo imevimba ya msimu wa kupandana. Anasimama ubavu, mguu wa mbele umetangulia, bega limefunguka. Hakuna picha nzuri kuliko hiyo kwa mwindaji.

Kidole hakiko kwenye kifyatulio. Kiko nje, kimenyooka kwenye chuma.

Pale alipo mpaka kwenye tuta kuna mteremko ambao mimi mwenyewe, mikono mitupu, naupanda kwa kushika miti. Dume wa namna ile akishatumbuliwa hakosi kilo sitini. Baridi huibana mishipa ya damu, moyo unasukuma kwa nguvu zaidi, na hapo uongeze kuvuta mzigo mlimani. Daktari wangu ananiambia kila mwaka kwamba kuburuta mnyama ndiko kunakowamaliza wazee, kuliko bunduki. Na hata nikinusurika, nikishindwa kumpandisha? Nyama ioze bondeni? Hilo kwangu ni haramu ya kweli kweli, kuua kiumbe usichoweza kukibeba.

Namtazama mpaka anaingia kwenye loreli. Moyo unanidunda, na nasema alhamdulillahi kwa sauti ya chini. Kijana angepiga, na angekuwa na haki, maana ana mgongo na ana wenzake wa kumwita. Mimi sina, kwa hiyo mpaka wangu ni mwingine.

Saa 6:05 mchana

Adhuhuri. Natoa risasi zote kwenye bunduki, naiegemeza mtini, naswali. Mkate wa kumimina kipande, tende, chai. Ujumbe nimeshautuma. Hewa imegeuka, ule unga sasa unapanda. Nahamia upande wa pili wa mwaloni, basi. Wawindaji wengine wengi hurudi garini muda huu. Wakitembea wanawaamsha kulungu waliolala, nami aliyekaa kimya ndiye ninayefaidika.

Saa 8:35

Majike watatu. Wanatoka juu yangu, wanashuka kwa mshazari kuelekea kwenye tuta, wa mbele akisimama kila hatua chache na kupiga mguu chini. Leseni ya jike ya eneo hili la uwindaji, 2G, ninayo mfukoni. Mita hamsini, pengine sitini. Wa kati anageuka ubavu mbele ya theluji tupu, nyuma yake udongo wa mlima, hakuna mti wala kitu.

"Bismillahi Allahu Akbar," ninasema kwa kusikika, kisha nafyatua.

Anaruka, anateremsha mkia, anakimbia kuelekea chini, anapotea nyuma ya mwamba. Wenzake wanapanda juu. Naangalia saa. Nusu saa sinyanyuki. Mnyama aliyejeruhiwa akifuatwa mara moja hukimbia mbali, akiachwa hulala karibu, na sheria hii ni kali zaidi kwa asiye na msaidizi. Alasiri imeshaingia, naswali hapo hapo. Ujumbe wa saa 9 nautuma kwa maneno matatu: "Nimepiga. Niko salama."

Saa 9:05

Pale aliposimama kuna nywele chache za kahawia na damu. Nachuchumaa niitazame. Ni ya rangi ya waridi, ina mapovu madogo madogo. Mapafu. Ingekuwa nyeusi nzito ingekuwa ini, ningesubiri zaidi. Naihesabu damu kwenye theluji doa kwa doa, sikanyagi mstari wenyewe, natembea kando yake. Nyuma ya mwamba damu inakuwa pande mbili, na hatua kumi na tano mbele amelala, bado upande wa juu wa tuta. Namgusa jicho kwa fimbo ndefu. Ameshakufa.

Wengi huuliza kuhusu uhalali. Aya ya 4 ya Suratul Maida inazungumzia windo na kulitajia jina la Mwenyezi Mungu, na wanazuoni wengi huku wanaichukua bunduki kama silaha inayotoboa. Ukimkuta hai, unamchinja. Ukimkuta amekufa kwa jeraha uliloliletea Bismillahi, ni halali. Kisu cha kuchinjia ninacho kiunoni daima.

Kwanza karatasi ya leseni ya jike: tarehe, saa, mahali, naifunga sikioni kabla sijamsogeza hata shubiri. Kisha glavu, nampindua chali, naelekeza kichwa juu mlimani. Namkata ngozi ya tumbo kwa vidole viwili vikitangulia kisu, kuzuia ncha isitoboe utumbo. Mvuke unatoka. Nakata kiwambo pande zote, natia mkono mpaka kooni, nakata koromeo, navuta, na vyote vinatoka pamoja. Moyo na ini kwenye mfuko. Nampindua kifudifudi damu imwagike yote kwenye theluji. Nafanya polepole, kwa sababu kisu na mikono iliyokufa ganzi havipatani, na hakuna wa kunifunga kidonda.

Saa 9:50 hadi 11:10 jioni

Nina kipande kirefu cha plastiki ngumu, kinakunjwa kama mkeka. Namfunga humo. Kwenye theluji kinateleza vizuri ajabu. Mpaka kwenye tuta namshusha kwa kamba iliyozungushwa mtini, simvuti, namzuia. Kuanzia hapo ni tambarare.

Hatua hamsini, nasimama. Nahesabu mapigo shingoni. Yakishuka chini ya mia naendelea, yasiposhuka nakaa kwenye kigoda. Jua linazama saa 10:43 nikiwa katikati. Nawasha taa ya kichwani. Sina haraka yoyote, na hilo nalisema kwa wazee wenzangu wanaosoma hapa: muda huu upangiwe tangu asubuhi, ndiyo maana saa ya mwisho ya mwanga simpigi tena mnyama yeyote.

Garini nina ubao na kapi ndogo ya kumpandishia. Natuma ujumbe wa nne. Magharibi naswali nikiwa nimevaa koti jingine, safi.

Saa 12:35 usiku

Salma amempigia mama yake mara mbili kutoka Ohio kuuliza kama baba amerudi. Ananisalimia, "Shikamoo baba," kisha swali lake la pili ni kama kuna filigisi. Namwambia kulungu hana filigisi, ana moyo na ini, na vyote mama yake ameshavitia kwenye maji ya chumvi.

Mnyama ananing'inia gereji, miguu ya nyuma juu, fimbo imepanua kifua hewa iingie. Nyuzi mbili juu ya sifuri, joto zuri kwa siku tatu nne za kulainika kabla sijachuna na kukata. Taarifa kwa jimbo natakiwa nitoe ndani ya siku kumi, nimeshaijaza kwenye simu. Paja moja ni la mjane wa jirani yangu, kama kila mwaka. La pili mke wangu anataka la mchuzi wa nazi. Mbavu na mabega tutawagawia jamaa wa Lancaster, ambao wameshaanza kupiga simu.