Kura ya upatu

Mama alikuwa kijumbe wa upatu wa wanawake wanane mtaani kwetu, Tanga. Kila Ijumaa kila mmoja alitoa shilingi elfu tano, mmoja akaondoka na elfu arobaini. Zamu zilipangwa kwa kura: vikaratasi vinane, namba 1 hadi 8, vimekunjwa ndani ya bakuli. Mwaka ule mzunguko mpya uliangukia karibu na Idi, basi kila mtu aliitaka namba moja.

Bakuli halijatikiswa, ugomvi umeshaanza. Shangazi alitaka aokote wa kwanza. "Mie nije mwisho nikute nini? Makombo?"

Nilikuwa kidato cha nne, wiki hiyohiyo tumemaliza mada ya uwezekano, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Nikachukua kipande cha mkaa, nikaandika kwenye saruji ya uani. Wa kwanza ana nafasi 1/8. Wa pili ataipata ikiwa tu wa kwanza ameikosa, yaani 7/8, kisha yeye aidake kati ya vikaratasi saba vilivyobaki: 7/8 × 1/7. Saba kwa saba zinakatana, inabaki 1/8. Wa tatu: 7/8 × 6/7 × 1/6. Zinakatana tena. Nikashuka hivyo hivyo mpaka wa nane, magoti meusi tii.

"Kumbe kila mtu na thumuni yake," akasema shangazi, ameanza kulainika.

"Kila mtu, shangazi. Uokote mwanzo, uokote mwisho."

Bibi alikuwa pembeni na ungo wake, anachambua mchele. "Hebu lete hilo bakuli, mjukuu wangu."

Akatia mkono huku anatazama mlangoni, akapapasa, akatoa kimoja. Namba moja. Akakirudisha, akaniambia nitikise. Akapapasa tena: moja. Mara ya tatu: moja.

Vikaratasi nilivikata mimi. Saba vilitoka kwenye daftari. Cha nane nilipopungukiwa nilikikata kwenye jalada la kalenda, gumu kama ukucha. Hesabu yangu ilitaka vyote vifanane mkononi, na hilo sikuliandika popote pale sakafuni. Wanawake wakanitazama mimi, kisha wakamtazama mama, kijumbe, mwenye mwana.

Mama hakusema neno. Alilichana daftari langu katikati, akakata vinane vipya, akampa bibi avikunje.

Shangazi alingoja mwisho, kwa hiari yake. Kilichobaki kilikuwa sita.