Januari 11: siku yangu ya kupiga picha za fashifashi Michenzani

Saa 3 asubuhi. Kazi yenyewe ni ya saa sita usiku, mkesha wa Siku ya Mapinduzi ya Zanzibar, lakini mteja keshapiga simu: anataka mnara wa Michenzani na fashifashi, yaani fataki, juu yake. Kabla sijagusa kamera natazama nguo kwenye kamba za majirani. Zinapepea kwenda kusini-magharibi. Kaskazi inavuma kama kawaida ya Januari, kwa hiyo moshi utasukumwa upande wa mtaa wa Kikwajuni. Atakayesimama huko usiku atapiga picha za wingu la kijivu. Mimi nataka upepo mgongoni.

Saa 7 mchana. Betri, memori kadi, tochi ndogo. Stendi naikaza skrubu zote.

Saa 10 jioni. Nabisha hodi ghorofa ya juu, kwenye moja ya yale majumba marefu yaliyoanza kujengwa zama za Mzee Karume.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umelifuata tena dirisha langu?"

"Ndiyo, bibi, ukiniruhusu."

"Haya pita, lakini vyungu vyangu vya asumini usivisogeze."

Sivisogezi. Naweka stendi katikati yake, naupanga mnara chini ya fremu na kuacha anga tupu juu, nyingi kuliko unavyodhani inahitajika. Fashifashi hupanda juu sana, na lenzi ya kuvuta mbali huzikata vichwa. Natumia lenzi pana, ya milimita 24.

Saa 1 usiku. Baada ya Magharibi nakula urojo. Mkoba nauacha wazi dirishani. Kamera iliyoshinda kwenye kiyoyozi ikitolewa ghafla kwenye joto hili, lenzi huota ukungu, na kufuta hakusaidii mpaka kioo kipate joto.

Saa 3 usiku. Nalenga taa za mnara, fokasi ikikaa sawa nazima otomatiki. Gizani kamera hutafuta fokasi bila kuipata, na fashifashi haisubiri. Kitulizi cha mtikisiko nacho nazima, kwa kuwa stendi inatosha.

ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, tundu la lenzi f/11, shata, yaani pazia la kamera, kwenye B ili ibaki wazi kadiri ninavyobonyeza, rimoti mkononi. Vijana huniuliza mbona nafungua shata sekunde tatu nne na picha haiungui. Cheche inatembea: kila nukta ya fremu inaiona kwa muda mfupi mno. Mng'ao wa mistari yake unaamuliwa na ISO na tundu la lenzi. Shata inaamua ni maua mangapi ya fashifashi yataingia, na majengo yataonekana kiasi gani. Akishalielewa hilo, mtu hana haja ya kukariri namba zangu.

Saa 5 usiku. Barabara zimejaa watu, watoto mabegani mwa baba zao. Bibi analeta chai ya tangawizi.

Saa 6 usiku. Nauangalia mwale unaopanda. Ukiondoka chini nafungua, ua likishachanua na kuanza kufifia nafunga. Kusubiri mshindo ni kuchelewa, maana mwanga hufika kabla ya sauti. Dakika ya kwanza ndiyo mali, anga bado safi. Nyekundu ya stronti na kijani cha bari hutoka vizuri. Buluu ya shaba ni dhaifu, hufifia upesi kwenye picha.

Mwishoni hurushwa nyingi kwa mpigo. Hapo nafika f/16, tundu dogo zaidi, na kushusha shata hadi sekunde moja, la sivyo anga yote inakuwa nyeupe. Kisha nageuza kamera kwa watu, ISO 3200, bila stendi. Kwangu nyuso zile zinauzika kuliko maua, ingawa wateja hawaziagizi.

Saa 8 usiku. Kwenye kompyuta natupa zote zenye moshi. Mteja anapelekewa mnara wake, na nyuso chache za nyongeza bila malipo. Betri nazirudisha kwenye chaji, asubuhi kuna gwaride.