Unatoka Wapi, Nawe Unakwenda Wapi?

Somo: Mwanzo 16:1–13

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Hajiri alikuwa mjamzito alipokimbia. Sura hii huwa tunaisoma kwa ajili ya Abramu na ahadi yake, au Sarai na uchungu wake, tukampita huyu mjakazi wa Kimisri ambaye hakuna aliyemuuliza kama anataka kuzaa. Bibi yake Sarai, ambaye hakuwa na mtoto, alimtoa kwa mumewe Abramu ili azae kwa niaba yake, Abramu akamchukua, na mimba ilipoonekana nyumba nzima ikawaka moto. Sarai akalalamika. Abramu akajibu kwamba mjakazi yumo mkononi mwa Sarai mwenyewe, amtendee apendavyo. Baba wa mtoto kanawa mikono, na tangu hapo hatumsikii mpaka mtoto azaliwe. Sarai akamtesa Hajiri, naye akashika njia ya Shuri, njia ya kurudi kwao Misri, peke yake jangwani na tumbo lake.

Nimeleta somo hili kwa sababu ya swali ambalo halituishi baada ya ibada: je, serikali izuie utoaji mimba? Juni 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofuta uamuzi wake wa mwaka 1973 uliowapa wanawake haki ya kutoa mimba, hata hapa Kampala watu walitumiana ujumbe wa shangwe, kana kwamba na sisi tumeshinda kesi.

Msimamo wangu ni huu. Ninaamini mtoto aliye tumboni ni wa Mungu kabla hajawa wa mtu yeyote, kama Zaburi ya 139 inavyosema, na serikali inayolinda uhai haiwezi kumwacha huyo nje ya ulinzi wake. Hapo sina shaka. Ninachokataa ni kudhani kwamba kazi inaishia hapo.

Maana sheria hatujaikosa. Kanuni ya Adhabu tunayotumia ilianza mwaka 1950, enzi za Mwingereza. Anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria anaweza kufungwa miaka 14, mwanamke mwenyewe miaka 7, na anayempa dawa au kifaa akijua ni vya kazi hiyo miaka 3. Juu yake kuna Katiba ya 1995, Ibara ya 22, inayosema hakuna mwenye haki ya kukatisha uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa isipokuwa sheria ikiruhusu. Pamoja na yote hayo, watafiti walikadiria kwamba mwaka 2013 pekee mimba zaidi ya 300,000 zilitolewa Uganda, nyingi kwa siri na kwa njia za kutisha. Ukali wa adhabu haukuwazuia wale wasichana. Uliwafundisha kujificha.

Mkunga mmoja tunayesali naye anasema huwa anawatambua kabla hawajafungua mdomo. Msichana anafika jioni watu wakiwa wamepungua, kajifunga leso mbili, anatetemeka kwa homa, na akiulizwa anasema ni malaria. Aliyemleta kwa boda boda amebaki nje getini, hataki jina lake liandikwe. Ametokwa damu siku kadhaa. Hakuja mapema kwa kuwa aliambiwa hospitali itaita polisi.

Sasa turudi jangwani. Malaika wa Bwana anamkuta Hajiri kwenye chemchemi. Anamwita kwa jina, jambo ambalo Abramu na Sarai hawakulifanya hata mara moja katika sura hii, kwao yeye ni "mjakazi" tu. Kisha anamuuliza: "Unatoka wapi, nawe unakwenda wapi?" Mungu anajua anakotoka, lakini bado anauliza, na anangoja jibu. Ndipo Hajiri, ambaye hatujasikia sauti yake tangu sura ianze, anasema: nimemkimbia bibi yangu.

Najua mstari unaofuata ni mgumu. Anaambiwa arudi akanyenyekee. Mstari huo umetumiwa vibaya kuwarudisha mabinti kwenye nyumba walizoumizwa, na mimi siwezi kumwambia mtoto aliyenajisiwa na mjomba wake arudi kwa huyo mjomba, hata nikiwa nimeshika Biblia mkononi. Lakini oneni kwamba agizo halikuja peke yake. Lilikuja na ahadi juu ya mtoto, na neno kwamba Bwana amesikia mateso yake. Na katika sura ya 21, alipofukuzwa kabisa na maji yakaisha kwenye kiriba, Mungu alimfumbua macho akaona kisima. Aliyemtaka azae hakumwacha mtoto afe kwa kiu.

Hapo ndipo sisi tunapolegea. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, karibu msichana mmoja kati ya wanne wa miaka 15 hadi 19 ameshaanza kuzaa au ana mimba. Wapo makanisani mwetu. Kwenye kwaya za vijana tunajua kinachotokea: binti akigundulika ana mimba anaambiwa arudishe joho, nalo linakaa limekunjwa kwenye benchi la mbele ambapo kila mtu analiona, na yeye anahamia nyuma karibu na mlango. Kijana aliyempa mimba anaendelea kupiga ngoma. Na kama aliyempa ni mtu mzima na binti hajatimiza miaka 18, hiyo ni jinai, lakini kesi ngapi zimemalizwa nyumbani kwa mbuzi na bahasha, wazee wa kanisa wakiwa mashahidi? Binti anayeyaona hayo akiwa bado hajagundulika, mnadhani atamfuata nani usiku akihitaji ushauri?

Kwa hiyo tukienda kwa mbunge wetu kumwomba aulinde uhai, tumwombe na mengine. Katiba inasema "isipokuwa sheria ikiruhusu", lakini Bunge halijatunga sheria ya kueleza wazi ni wakati gani. Kanuni ya Adhabu inamkinga daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa maisha ya mama, ila wengi wanaogopa, na mama anaweza kufa wakati wanashauriana. Mwaka 2015 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo kuhusu vifo vinavyotokana na utoaji mimba usio salama, ukasimamishwa, na upinzani wa viongozi wa dini ulichangia. Kama kulikuwa na maneno mabaya ndani yake, tungeyarekebisha. Kuliacha jambo gizani hakumwokoi mama wala mtoto.

Tumkumbushe pia kwamba Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ilisema serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi katika vituo vya umma ni kuvunja Katiba. Vifo vya wajawazito vimepungua, kutoka 336 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2016 hadi 189 mwaka 2022, na kwa hilo tunamshukuru Mungu na wakunga wetu. Hata hivyo bado kuna vituo ambako mama anaambiwa aje na glavu zake, pamba yake, wembe wake na kaveera, yaani karatasi ya plastiki, la kulalia.

Akina mama wa Mothers' Union, umoja wa wanawake wa kanisa, wameanza kukusanya vifaa hivyo kwa ajili ya mabinti wasio na mtu. Jumapili hii leteni mlicho nacho, na akina baba msiwaachie wake zenu peke yao. Na kama nyumbani kwako au kwa jirani yuko binti anayetokwa damu na anaogopa, mpeleke hospitali leo hii, usingoje kujua kilichotokea. Kumtibu si kosa kisheria. Kaa naye kwenye foleni mpaka aitwe.