Bomoa haraka, funga polepole

Kimbunga Harvey kilitua karibu na Rockport, Texas, tarehe 25 Agosti 2017, lakini kilichoizamisha Houston ni mvua, si upepo. Kilijikokota siku kadhaa katika eneo lile lile, na huko Nederland, mashariki ya Houston, ikapimwa zaidi ya milimita 1,500. Ndugu zetu Wakongo, Warundi na Wakenya wanaoishi Houston wanazijua nyumba za huko: kuta za ndani si tofali, ni bodi za jipsamu zilizofungwa kwenye nguzo za mbao. Bodi hiyo hunyonya maji kwenda juu. Maji yakifika magotini, unyevu unaweza kupanda hadi kiunoni.

Ukirudi nyumbani baada ya mafuriko, kwanza zima umeme kwenye swichi kuu, na kama huifikii bila kukanyaga maji, iache, muite fundi. Kisha piga picha kabla hujatupa kitu: mstari wa maji ukutani, kila chumba, namba za utambulisho za friji na mashine ya kufulia. Kata kipande kidogo cha zulia ukiweke kwenye mfuko, kiwe ushahidi kwa bima. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Ipo bima yake peke yake, na mkaguzi huja vitu vimeshatupwa.

Sasa majirani waungane. Kila mtu kuhangaika kwake ni kupoteza muda, maana kuvu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48. Shikeni nyumba moja moja, mkianzia kwa wazee na wenye pumu: wawili watoe samani na mazulia, wawili wakate kuta, wawili wasukume toroli. Vaeni gambuti, glavu nzito na barakoa za N95, kwa sababu maji yale yamechanganyika na maji taka. Friji iliyokaa bila umeme msiifungue. Izungushieni utepe wa gundi, itoke ilivyo.

Kata bodi kwenye futi 4 kutoka sakafuni, kama sentimita 122, hata kama maji yaliishia chini ya hapo. Bodi mpya ina upana huo huo, hivyo ikilazwa inaziba pengo bila viraka. Ukitumia msumeno wa umeme, acha meno yake yatokeze nusu inchi tu. Nyuma ya bodi kuna nyaya na mabomba. Sufi ya kuzuia joto iliyolowa itoke yote, haikaushiki.

Uchafu upangeni kando ya barabara kwa mafungu: mbao na jipsamu, matawi, mashine, rangi na kemikali. Usiwe chini ya nyaya za umeme wala juu ya mita ya maji, maana lori la makucha linalozoa uchafu halitaugusa.

Nguzo zioshwe kwa sabuni, kisha jiki, kikombe kimoja kwa galoni ya maji (mililita 240 kwa lita 3.8), madirisha yakiwa wazi. Usichanganye na dawa yenye amonia, moshi wake ni sumu. Ila jiki haikaushi mbao, na hapa ndipo wengi huharibu. Wiki moja tu ukuta unaonekana mkavu, fundi anapiga bodi mpya, na kuvu linakua ndani kwa raha zake. Nunueni kipima unyevu kimoja cha mtaa mzima. Mbao zikisoma chini ya asilimia 15 sehemu kadhaa, ikiwemo chini kabisa karibu na sakafu, ndipo mfunge. Huweza kuchukua wiki kadhaa, hata kwa feni na mashine ya kufyonza unyevu.

Jenereta iweke nje mbali na madirisha, na hesabu ya jirani pia. Mita 6 kutoka kwako huenda zikawa chini ya chumba wanamolala watoto wake, na gesi ya sumu iliyo kwenye moshi wa jenereta, kaboni monoksidi, haina harufu ya kumwamsha mtu. Mkiishirikisha, washeni friji ya kwanza, ngojeni itulie, ndipo ya pili. Inapoanza hula umeme mwingi zaidi. Wala msiichomeke kwenye soketi ya ukutani, umeme utarudi kwenye nyaya za mtaa umuue fundi aliye juu ya nguzo.