Siku moja na fremu za chuma, Mikindani

Adhana ya alfajiri inanikuta jikoni nachemsha chai. Ni Julai, upepo wa kusi umekolea, na bati la jirani limegonga usiku kucha. Mimi ni fundi wa fremu za chuma. Nilianza na mageti na madirisha kama wengi waliopita chuo cha ufundi cha VETA hapa Mtwara, lakini siku hizi najenga nyumba yenyewe: kuta na kenchi za paa kwa chuma chembamba chenye zinki, kilichokunjwa umbo la C na kufungwa kwa skrubu. Mashine ya kuchomelea siibebi kabisa.

Saa 12 na nusu napanda bajaji Chikongola, Mtwara mjini. Hadi Mikindani ni kama kilomita 10.

Saa 1 asubuhi niko saiti. Nyumba ni ya mwalimu mstaafu, vyumba viwili na sebule, mita 6 kwa 8, karibu na maji kiasi kwamba ukipitisha kiganja juu ya turubai asubuhi unakuta unyevu unaonata chumvi. Kazi ya kwanza ni kufunua mzigo. Chuma chenye zinki kikilazwa chini kimebanana, maji yakaingia katikati na yasipate hewa, kinaota kutu nyeupe ya unga hata kabla hakijasimama ukutani. Kwa hiyo tunakipanga juu ya vipande vya mbao, upande mmoja umeinuka kidogo, na turubai halikigusi chuma. Vijana wanaona nawasumbua. Lakini zinki ndiyo uhai wa nyumba hii. Chuma tulichoagiza ni cha daraja la Z275, yaani gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Ukigawa kwa pande mbili, ni unene wa mikroni 20 hivi kila upande, yaani sehemu 20 za elfu za milimita. Hiyo ndiyo ngao yote tuliyonayo dhidi ya bahari.

Saa 2 tunalaza reli za chini, vile vyuma vinavyoshika miguu ya nguzo, juu ya msingi. Kati ya zege na reli tunatandika nailoni nzito, chuma kisinywe unyevu wa zege. Kisha ulalo: kwa mita 6 na 8, kona hadi kona lazima isome mita 10 kamili, na ulalo wa pili usome hivyo hivyo. Wa kwanza umesoma 10, wa pili umepungua milimita 7. Tumelegeza, tukasogeza kona ya kaskazini, tukapima tena hadi zikalingana. Kwenye tofali ungeficha kwa plasta. Kwenye chuma kosa la chini linapanda hadi kwenye kenchi, na papi za kupigilia bati zinakataa kukaa.

Hapo nikasikia grinda. Kijana mpya, ametoka kwenye kazi za mageti, alitaka kukata nguzo haraka. Nikamwambia, "Zima kwanza, mdogo wangu, njoo uone kitu." Nina kipande cha wiki iliyopita nilichokikata makusudi kwa grinda nikakiacha nje. Ukikisogeza karibu na jicho unaona nukta za kahawia, ndogo kuliko mbegu ya ufuta, zimetapakaa hadi shubiri nzima kutoka kwenye mkato. Kila nukta ni cheche iliyotua ikiwa ya moto, ikang'ang'ania juu ya zinki na kuanza kuoza. Na mkato wenyewe umeungua rangi ya samawati, zinki imekwisha pale. Kipande cha pili nilikikata siku hiyo hiyo kwa mkasi wa bati: ukingo umefifia kidogo tu, basi. Zinki ya pembeni inakubali kuliwa yenyewe kwanza ili chuma kipone, ila inaweza kulinda jeraha jembamba, haiwezi kulinda kidonda. Kijana alivigeuza vile vipande muda mrefu. Baadaye nikamwona anatafuta mkasi bila kuambiwa.

Saa 4, chai. Mama lishe ameleta mihogo ya kuchemsha na dagaa wa kukaanga. Dakika ishirini, tumerudi.

Saa 5 tunasimamisha ukuta wa mashariki, kipande cha mita 4. Tumeufunga ukiwa umelala: nguzo kila sentimita 60, reli juu na chini, skrubu zinazotoboa chuma zenyewe, pande zote mbili. Uzito wake ni kilo arobaini na kitu. Watu wawili wanauinua, wa tatu anashika timazi. Ukuta wa tofali wa ukubwa huo unapita tani mbili. Hapo ndipo watu wengi wanaposhangilia wepesi, na ndipo mimi ninapoanza kuwa mkali, kwa sababu nyumba nyepesi ina adui ambaye nyumba nzito haimjui sana. Msingi wa tofali kazi yake kubwa ni kubeba. Msingi wa fremu ya chuma unabeba kidogo, lakini lazima ushike, upepo usiinyanyue nyumba.

Saa 7, ugali na samaki wa nazi. Jua limekaza, chuma hakishikiki bila glavu, kwa hiyo mchana tunajibanza upande wenye kivuli tunavisha raba kwenye matundu ya nyaya za umeme. Ukingo wa tundu ni mkali. Waya ukisuguana nao miaka kadhaa ganda linachanika, na nyumba nzima ni chuma. Raba ile bei yake ni ndogo sana. Fremu pia itaungwa na waya wa ardhi, hilo nimeliandika kwenye mkataba.

Saa 9 anafika Mwalimu. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba mwanangu." Akagonga nguzo kwa kidole, ikalia kama debe, akanyamaza kidogo. Kisha akaonyesha kuelekea Boma. "Lile Wajerumani walilijenga 1895. Unene wa ukuta unaujua. Hii yako, upepo ukija?" Halafu akaingia kwenye lililomleta: amepitia orodha ya vifaa, anaona bolti za msingi ni nyingi, anataka zipungue nusu.

Sikumficha kitu. Nilimwambia Boma limekaa kwa uzito wake, hii itakaa kwa maungio yake. Upepo mkali ukipita juu ya paa hausukumi tu, unanyanyua. Nguvu hiyo inatoka kwenye bati, inaingia kwenye papi, kenchi, nguzo, reli, bolti, zege. Ikikosa kiungo kimoja, vilivyo juu yake vyote vinaondoka pamoja. Nikamkumbusha Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipotangazwa na watu wa Mtwara wakaambiwa wakae mahali salama. Kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma tu. Bolti za milimita 12, moja kwa kila mita na mbili kwa kila kona, ndizo zinazomfanya mtu alale.

Aliuliza maswali ya kimwalimu, moja baada ya jingine, akataka nimwonyeshe kila kiungo kwa mkono. Mwisho akasema, "Bolti zibaki. Vigae vya baraza ndivyo vitasubiri." Nikafurahi kuliko kama angeniongezea malipo. Jambo la pili lilikuwa mbao zake za fremu za milango, zimetiwa dawa ya kijani yenye shaba. Shaba na zinki hazikai pamoja penye unyevu. Zinki inaliwa haraka. Tumekubaliana tuweke utepe wa raba katikati, na skrubu za chuma kisichoshika kutu.

Saa 11 jioni tunapaka rangi ya zinki kwenye mikato yote ya leo, tunapitisha sumaku sakafuni kuokota chenga za drili, tunafunika mzigo.

Saa 1 usiku nampigia dereva anayeleta mikanda ya chuma kutoka Dar, ile tunayofunga mshazari ili kuta zisiyumbe. Yuko Nangurukuru, ataingia asubuhi. Nimewaambia vijana wanne wawahi kushusha, na kila kitu kilale juu ya mbao.