Vidonge vya Alfajiri

Mwezi wa Aprili 2014, baba alipogundulika kuwa na kifua kikuu, kliniki ilitaka awepo mtu wa nyumbani wa kumsimamia akimeza dawa kila siku, naye akanichagua mimi. Matibabu yalikuwa ya miezi sita: miwili ya mwanzo kwa vidonge vyenye dawa nne, na minne iliyobaki kwa vyenye dawa mbili tu, rifampisini na isoniazidi.

Kengele ya simu haikutufaa, kwa sababu ililia baba akiwa barazani au sokoni. Nikaanza kuitazama siku yake ilivyo, nikaona kwamba mambo yasiyohama yalikuwa swala tano na taarifa ya habari ya jioni redioni. Kwa kuwa dawa ile humezwa tumbo likiwa tupu, tulichagua Alfajiri. Akirudi msikitini, kabla hata hajavua kofia, alikaa kwenye kigoda kando ya mtungi, akavimeza vidonge vitatu kimoja baada ya kingine mbele ya macho yangu, nami nikatia alama kwenye kadi. Uji ulimngoja kiasi cha saa nzima. Tangu hapo sikulazimika kumkumbusha, na naamini kabisa kwamba jambo jipya hushika haraka likipachikwa kwenye jambo ambalo mtu amelizoea miaka yote.

Mwishoni mwa Juni ikaingia Ramadhani. Makohozi yalikwisha kupimwa yakaonekana hayana vimelea, mwili ulianza kurudi, na baba akataka kufunga. Niliogopa sana, maana wagonjwa wengi huacha dawa pale wanapojisikia nafuu. Tulikwenda kliniki pamoja. Daktari akampima, akamruhusu kwa sharti kwamba saa ya dawa ikishahamishwa isiyumbe tena mwezi mzima.

“Basi tuiweke kabla ya daku, mwanangu,” baba akasema, “wapiga daku hawajawahi kutupita.”

Ikawa hivyo. Madebe yakisikika mtaani tuliamka sote wawili, akameza, tukazungumza taratibu hadi wakati wa kula ulipofika. Baada ya Idi tukairudisha Alfajiri.

Mwezi wa Oktoba kadi ilijaa, na nesi akaandika kwamba mgonjwa amepona. Kesho yake baba aliiweka pale pale kando ya mtungi dawa yake ya shinikizo la damu, ambayo kwa miaka mingi alikuwa akiimeza siku anayoikumbuka.